Kiya Ihesabu Nukta, Nafasi Uzihesabu Mwenyewe

Mzee wangu,

Mimi ni binti wa miaka 27, fundi simu hapa Tanga mjini. Mwaka jana nilipata leseni ya redio ya ridhaa, na alama yangu ya wito inaanza na 5H3. Morse nilijifunza kwa swichi ya kugonga aliyoniachia babu mzaa mama, aliyekuwa karani wa simu za reli. Hivi karibuni rafiki yangu anayeishi Ujerumani aliniletea padeli ya vibao viwili, nami nikajiundia kiya ya elektroniki kwa Arduino. Tangu hapo nimekwama.

Kwanza, nikichomeka kiya kwenye redio, redio inapiga vistari mfululizo na mimi sijagusa kitu. Nikichomoa inanyamaza. Siku moja nilichomeka padeli moja kwa moja kwenye redio, ikakubali. Pili, kiya ikiwa peke yake na spika yake ndogo, herufi zinaota mikia: nikipiga K inatoka C, nikipiga A inatoka R. Tatu, alama yangu haieleweki. Ile siku padeli ilipokubali niliita kwa muda mrefu, akajitokeza mtu wa Italia, akaniuliza kwa alama ya kuuliza, akauliza tena, kisha akaenda zake.

Nne, mzee mmoja katika kikundi chetu anasema Morse ya mashine si Morse, na kwamba namsaliti babu yangu. Hilo limenikaa rohoni kuliko yote. Nifanye nini?

Wako,
Fundi wa Ngamiani, Tanga

*

Binti yangu, hongera kwa leseni, na hongera zaidi kwa kueleza matatizo yako moja moja, kila moja mahali pake. Fundi anayejua kueleza ugonjwa amekwisha kuutibu nusu. Hakuna kifaa chako hata kimoja kilichokufa. Una plagi isiyoelewana na redio, modi isiyoelewana na vidole vyako, na nafasi kati ya herufi ambazo hakuna mashine itakayokuwekea. Nitazijibu kwa mpangilio wa kazi, kwa sababu la kwanza lisipotengemaa, la pili hutalisikia vizuri.

Kwa ajili ya wasomaji wasioijua kazi hii, nianze na maelezo mafupi. Mwenye swichi ya kugonga hupima urefu wa kila nukta na kila kistari kwa mkono wake. Mwenye padeli hafanyi hivyo. Akibana kibao cha kidole gumba zinatoka nukta, akibana cha kidole cha shahada vinatoka vistari, na zitaendelea kutoka mpaka aachie. Saketi inayozitengeneza, zikiwa sawasawa zote, ndiyo kiya. Sheria yake haibadiliki: kistari ni sawa na nukta tatu, kimya kati ya alama za herufi moja ni nukta moja, kimya kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, kati ya neno na neno ni nukta saba. Kasi hupimwa kwa neno PARIS, ambalo pamoja na nafasi inayolifuata lina vipimo 50. Kwa hiyo ukigawanya 1200 kwa idadi ya maneno kwa dakika, unapata urefu wa nukta moja kwa milisekunde. Kwa maneno 12 kwa dakika, nukta ni milisekunde 100. Kwa maneno 20, ni milisekunde 60. Hesabu hiyo iweke karibu, tutaihitaji.

Sasa vistari visivyokoma. Soketi ya kuchomekea padeli kwenye redio nyingi za sasa ni ya stereo, ina miguso mitatu. Ncha hupokea nukta, pete hupokea vistari, na shina ni ethi. Redio yako ina kiya yake ndani, nayo imewashwa. Ndiyo maana padeli ilipoingia moja kwa moja ilifanya kazi. Kiya uliyounda bila shaka inatoa kwa plagi ya mono, yenye ncha na shina tu. Shina la plagi hiyo ni refu, linafika hadi pale pete ilipotakiwa kuwa. Ukiichomeka kwenye soketi ya stereo, pete ya redio inaungana na ethi. Redio inaamini kuna mtu amebana kibao cha vistari na hajakiachia, nayo inatii.

Usidhani kubadilisha plagi peke yake kutakuokoa. Ukiweka plagi ya stereo na kuiacha pete bila waya, vistari vitanyamaza, ila redio itachukua kila alama ya kiya yako kama ombi la nukta. Kistari chako kimoja kitatoka kama nukta mbili iwapo mashine zote mbili zimewekwa kasi moja, na zikitofautiana kasi utapata vurugu tupu. Ni mashine mbili zinazogombea kazi moja. Ingia kwenye menyu ya redio, tafuta sehemu ya kuchagua aina ya swichi, uiambie kwamba kilichochomekwa ni swichi ya kawaida ya kugonga. Hapo kiya ya ndani itapumzika, na redio itafuata kiya yako kama inavyoufuata mkono wa mtu.

Unaweza kuuliza: kwa nini nisitumie ile ya ndani tu, niweke Arduino kando? Ukitaka, tumia; haina ubaya. Lakini kiya yako inakupa mambo matatu. Unafanya mazoezi bila kuwasha redio. Ukibadilisha redio, vidole havihitaji kujifunza upya. Na kwa kuwa umeiunda mwenyewe, unaweza kuifungua na kuirekebisha. Mimi ningebaki nayo. La msingi ni moja: kiya iwe moja tu kazini.

Kabla ya kuchomeka tena, chukua multimita uiweke kwenye mlio. Gusa ncha na shina la plagi ya padeli, bana kibao cha nukta: ilie. Gusa pete na shina, bana cha vistari: ilie. Gusa ncha na pete bila kubana chochote: isilie kabisa. Ikilia hapo, lehemu imemwagika mahali au uzi mmoja wa waya umetoka nje ya mstari. Kisha pima volti kwenye soketi ya redio yenyewe, kati ya ncha na shina. Redio za sasa huonyesha volti chache, chanya, na transista ndogo mwishoni mwa kiya yako inazimudu. Ikitokea siku ukaazimwa redio ya zamani ya valvu, usichomeke bila kupima: baadhi yake zina volti nyingi hapo, tena hasi, na zitaiunguza transista papo hapo. Redio za namna hiyo zinahitaji relei au saketi ya kutenganisha.

Twende kwenye herufi zinazoota mikia. Kiya za vibao viwili zina tabia moja nzuri: ukibana vibao vyote kwa pamoja, nukta na vistari vinapokezana vyenyewe mpaka uachie. C, ambayo ni kistari, nukta, kistari, nukta, inatoka kwa mbano mmoja badala ya miguso minne. Swali ni kitu gani kinatokea unapoachia, na hapo ndipo modi mbili zinapoachana. Katika modi A, ukiachia, kiya inamalizia alama iliyokuwa inalia na kunyamaza. Katika modi B, inamalizia alama hiyo, kisha inaongeza moja ya upande wa pili. Modi hizi watu wengi huziita Curtis A na Curtis B, kwa jina la John Curtis, Mmarekani aliyeuza chipu za kiya miaka ya 1970.

Sasa tazama herufi zako. K ni kistari, nukta, kistari. Vidole vyako vinaachia pale unaposikia kile kistari cha mwisho kinalia, jambo ambalo ni la kawaida kwa mtu aliyezoea swichi ya kugonga: anaachia akisikia. Kwa modi A hapo umepatia. Kwa modi B umechelewa, na mashine inaongeza nukta: K imekuwa C. A ni nukta, kistari. Ongeza nukta moja, ni R. N itakuwa K kwa njia hiyohiyo. Kiya yako iko modi B na mkono wako ni wa modi A. Mwenye mkono wa modi B akishika kiya ya modi A hupata kinyume chake: C zake zinakatika zinakuwa K.

Ibadilishe iwe modi A, na usiiguse tena. Kama umeweka programu ya K3NG, inayotumika sana kwenye Arduino, mabadiliko haya hayahitaji kulehemu upya. Utasikia wazee wakibishana modi ipi ni bora. Ubishi huo usikupotezee muda. Iliyo bora ni ile ambayo vidole vyako vimeizoea, na kinachoharibu mkono ni kuhamahama.

Tena nakushauri, kwa wiki za mwanzo usibane vibao viwili kabisa. Piga kibao kimoja kimoja. Kwa K, shahada, gumba, shahada. Ukipiga hivyo modi haina nafasi ya kukusumbua, na unajenga mazoea ya kuachia kwa wakati. Mbano wa vibao viwili utakuja baadaye kwa herufi zinazofaidika nao kweli: F na L, ambazo unashikilia nukta na kugusa kistari mara moja katikati, na C pamoja na nukta ya kumalizia sentensi, ambazo ni mapokezano matupu.

Mipangilio mingine iache ya kawaida. Uwiano wa kistari na nukta ubaki 3 kwa 1. Uzito wa alama ubaki katikati. Kumbukumbu ya nukta iwashe: hiyo inahifadhi nukta uliyoigusa wakati kistari bado kinalia, isipotee. Mlio wa kujisikiliza uweke karibu na hertz 600, sauti isiyochosha sikio. Na kama programu yako ina sehemu ya kuweka nafasi za herufi yenyewe, izime. Kazi yake inaonekana nzuri, lakini kwa mtu anayeanza, akisitasita kidogo tu katikati ya herufi, mashine inadhani herufi imekwisha na kumkatia hapo.

Hilo linatufikisha kwenye alama yako ya wito, na hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Wenye leseni ya Tanzania tuna mwanzo mgumu kuliko majirani wengi. Mkenya anaanza na 5Z: nukta tano, halafu vistari viwili vinampumzisha. Mganda ana 5X, nayo ina kistari mwanzoni mwa herufi ya pili. Sisi ni 5H. Tano ni nukta tano. H ni nukta nne. Na wewe baada yake una 3, ambayo ni nukta tatu na vistari viwili. Jumlisha: nukta kumi na mbili zinapita kabla ya kistari cha kwanza kutokea. Katika nukta hizo zote, kinachomwambia msikilizaji kwamba hii ni 5, hii ni H, na hii ni 3, ni vimya viwili tu.

Na vimya hivyo kiya haikupi. Ukiachia kibao, mashine inaweka kimya cha nukta moja, basi. Vipimo viwili vinavyobaki ili kutimiza tatu ni juu yako. Usipovingoja, nukta tano na nukta nne zinaungana kuwa nukta tisa. Katika Morse, nukta nane mfululizo ni ishara ya kufuta: nimekosea, narudia. Mtu wa Italia hakuwa na kiburi, binti yangu. Ulikuwa unamwambia umekosea, tena na tena, na yeye akawa anasubiri usahihishe.

Tufanye hesabu kwa maneno 12 kwa dakika, ambapo nukta ni milisekunde 100. Namba 5 inachukua milisekunde 900. Kimya 300. H inachukua 700. Kimya 300. Namba 3 inachukua 1300. Jumla ni sekunde tatu na nusu kwa 5H3 peke yake. Ukijirekodi na ukakuta umemaliza kabla ya hapo na kasi ya kiya ni hiyohiyo, ujue umekula vimya, kwa sababu alama zenyewe mashine haiwezi kuziharakisha.

Halafu kuna kuhesabu nukta zenyewe. Ili zitoke tano, sio nne wala sita, unatakiwa uachie kibao baada ya nukta ya tano kuanza na kabla ya ya sita kuanza. Kwa maneno 12 kwa dakika, mlango huo uko wazi kwa milisekunde 200. Kwa maneno 20, ni milisekunde 120. Kwa maneno 25, hazifiki 100. Ndiyo sababu nakuomba kiya iwekwe 12 na ibaki hapo mpaka mkono ushike mdundo wa tano na mdundo wa nne bila kuhesabu kichwani. Usizihesabu moja, mbili, tatu. Zisikie kama kishindo kimoja kizima, kama mpiga ngoma asivyohesabu mapigo ya chapuo anayoyajua.

Zoezi lake ni hili. Kwenye redio nyingi kuna sehemu iliyoandikwa BK-IN. Ikizimwa, redio inatoa mlio wa kujisikiliza lakini hairushi kitu hewani. Au tumia kiya na spika yake tu. Piga 5, nyamaza kwa muda wa kusema neno fupi, piga H, nyamaza, piga 3. Mwanzoni vimya viwe virefu kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kushindwa kuisoma Morse kwa sababu herufi ziliachana zaidi kidogo. Wanaoshindwa ni wale wanaosikia herufi zilizogandana. Jirekodi kwa simu. Usisikilize palepale, maana sikio bado linakumbuka ulichokusudia na litakudanganya. Sikiliza kesho yake, ukiwa na kalamu, uandike unachosikia. Kuna programu za simu zinazosoma Morse. Ziweke mbele ya spika uone zinaandika nini. Zikiandika 5H3, vimya vyako vimekaa. Zikiandika vipande vya ajabu, rudi mwanzo.

Ukitaka mfano wa mkono usiokosea, sikiliza 14.100 MHz. Hapo kuna mitambo 18 duniani inayopokezana kila sekunde 10, hivyo kila mmoja hurudi baada ya dakika tatu. Kila mtambo unataja alama yake kwa maneno 22 kwa dakika, kisha unapiga vistari vinne virefu vya sekunde moja moja: cha kwanza kwa wati 100, cha pili wati 10, cha tatu wati 1, cha nne sehemu ya kumi ya wati. Kenya imo, kwa alama ya 5Z4B, ila kutoka Tanga hadi Nairobi ni karibu mno kwa mawimbi ya masafa hayo, mara nyingi yatakupita juu. Tegea ZS6DN ya Afrika Kusini na mingine ya mbali. Usitafute kuiga kasi yake. Sikiliza vimya vilivyo kati ya herufi, uone vilivyo wazi hata katika kasi hiyo.

Siku ya kurudi hewani, nenda 14.055 MHz. Katika mpango wa masafa wa kanda yetu, ambayo Afrika imo pamoja na Ulaya, hapo ndipo penye kituo cha Morse ya polepole, na wanaokaa hapo wanakuwa na subira. Anza kwa kujaribu kwenye mzigo wa ohm 50 badala ya antena, kwa nguvu ndogo, kisha washa BK-IN na uunganishe antena. Ita CQ, yaani wito kwa wote, mara tatu, kisha DE, yaani kutoka kwa, alama yako mara mbili, na K ya kumkaribisha mtu ajibu. Halafu fungua Reverse Beacon Network kwenye intaneti. Ni mtandao wa vipokezi vinavyosikiliza Morse duniani na kuandika vyenyewe alama ya kila anayeita CQ, masafa yake, nguvu ya mawimbi yaliyofika na kasi aliyotumia. Ukiiona alama yako pale, imeandikwa sahihi, na kasi ni 12, basi mkono wako umethibitishwa na mashine isiyokujua wala kukuonea haya.

Kama alama inaonekana imepungukiwa nukta ya kwanza ilhali rekodi yako ya mezani ni safi, shuku redio. Baadhi ya redio huchelewa kidogo kutoka kupokea hadi kurusha, na zinakula kipande cha nukta ya mwanzo. Hapo ongeza muda wa kuchelewa kurudi kwenye kupokea, redio isiwe inarukaruka kati ya herufi. Na kama kiya inatulia ukiwa na wati 5 lakini inatapika alama ovyo ukipandisha nguvu, mawimbi yako mwenyewe yanaingia kwenye waya wa padeli. Tumia waya mfupi wenye kinga, uzungushe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, na ulehemu kapasita ya nanofaradi 10 kutoka kila mguso wa padeli kwenda ethi.

Padeli yenyewe nayo inataka matunzo, hasa kwako. Nafasi kati ya miguso ianze na unene wa karatasi mbili za daftari, kisha uipunguze kadiri mkono unavyotulia. Springi iwe laini. Vidole viguse, visisukume. Ikiteleza mezani, weka chini yake kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu padeli inayokimbia inakufanya ukaze mkono mzima, na mkono uliokazwa hauwezi kuachia ndani ya milisekunde 200. Hewa ya bahari hapo Tanga inaleta ukungu kwenye miguso, nukta zinaanza kukosekana moja moja. Usitumie msasa, utakwangua fedha au dhahabu iliyopakwa juu. Chukua kipande cha karatasi safi, kipitishe kati ya miguso huku umebana kidogo, kivute. Ukiona mstari mweusi kwenye karatasi, rudia mpaka itoke safi. Usiku ifunike.

Kiya nyingi zina kumbukumbu za ujumbe: unarekodi CQ yako mara moja, unabonyeza kitufe, inajipigia. Ni msaada mzuri, hasa kwenye mashindano. Ila nakuomba uchelewe kuitumia. Na utakapoitumia, usiiwekee kasi ambayo sikio lako haliwezi kuipokea, kwa sababu atakayekujibu atakujibu kwa kasi uliyomwitia. Utakuwa umemkaribisha mgeni kwa lugha usiyoielewa. Akikuzidi, usione aibu kumpigia QRS. Maana yake ni kumwomba apunguze, na mwendeshaji mwenye adabu atapunguza.

Sasa la babu yako, ambalo umesema limekukaa rohoni. Mzee wa kikundi chenu ana haki ya kupenda swichi ya kugonga, lakini si kweli kwamba Morse ya mashine si Morse. Makarani wa simu wenyewe ndio waliotafuta nafuu kwanza. Kazi ya kugonga kutwa nzima iliwaumiza viwiko na mikono, wengine wakashindwa kabisa kuendelea na kazi. Ndipo Mmarekani Horace Martin, mwanzoni mwa miaka ya 1900, akatengeneza Vibroplex, swichi yenye springi inayotikisika na kutoa nukta zenyewe, huku vistari vikibaki kupigwa kwa mkono. Kiya ya elektroniki ilichofanya ni kuongeza vistari kwenye orodha hiyo. Kila hatua ilichukuliwa na watu wa kazi, kwa ajili ya kuilinda mikono yao.

Babu yako hakukurithisha chuma. Alikurithisha sikio, na kuheshimu yule anayekusikiliza upande wa pili. Karani wa simu za reli alijua kwamba ujumbe uliogandana unaweza kupeleka behewa mahali sipo. Ukipanga vimya vyako mpaka mgeni wa mbali akaisoma alama yako mara ya kwanza, umeiendeleza kazi yake, uwe umeshika padeli au swichi. Wala huhitaji kuchagua. Swichi yake isafishe, iache mezani, na siku moja katika wiki iitumie. Kila mwaka tarehe 1 Januari waendeshaji wengi hushiriki usiku wa swichi za kugonga unaoandaliwa na chama cha Marekani, ARRL. Siku hiyo itoe, uisikie ikizungumza na wenzake.

Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni hii: redio kwenye swichi ya kawaida, kiya kwenye modi A, kasi 12, kibao kimoja kimoja, 5H3 kwa sekunde tatu na nusu. Usiongeze kasi mpaka rekodi yako ya jana isomeke bila kubahatisha. Ikishasomeka, panda kwa maneno mawili mawili, si zaidi.

Na ninyi wasomaji wenye leseni, wa Tanga, Mombasa, Kampala na kwingineko, mkisikia 5H3 anaita polepole kwenye 14.055, msimpite. Mjibuni kwa kasi yake, si kwa kasi yenu.